Anayetangulia Ndiye Kyungu

Antrenere, mwalimu wetu wa mbio, hakuwahi kumtazama mtu usoni kwanza. Alianzia chini. Ukikutana naye pale soko la Kamina, ukamwamkia kwa adabu zako zote, macho yake yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu yako. Kutoka hapo yanapanda pole pole kwenye mashavu ya mguu, yanapima, yanashuka tena mpaka kisigino, na mwisho kabisa yanakumbuka kwamba huko juu kuna uso unaongojea kuitikiwa. Wanawake wauza majani ya sombe walishamzoea. Wageni ndio waliopata tabu. Siku moja alichutama mbele ya mama mmoja aliyetoka Mulongo na samaki wakavu, akamwambia, "Mama, nyanyula kidogo kikwembe, nione muguu yako kwa nyuma." Kumbe mume wa yule mama alikuwa hapo hapo, anafunga mizigo! Antrenere alikimbia siku ile kuliko mwanafunzi wake yeyote. Alitusimulia mwenyewe kiwanjani, akicheka mpaka machozi, anatuonyesha jinsi alivyoruka beseni la nyanya. Halafu akaacha kucheka ghafla.

"Lakini ule mama iko na muguu, bantu bangu. Na batoto yake iko wapi?"

Ndivyo alivyokuwa. Kipigo kilimpita karibu, yeye bado anawaza watoto wa yule mama wanakimbia namna gani.

Swali lake lilikuwa moja, na alilibeba kama mtu anavyobeba maumivu ya jino: mkimbiaji anazaliwa, au anatengenezwa? Yeye alilisema kwa kifupi, "Damu ao kazi?" Aliliuliza kwenye misiba. Aliliuliza kwenye ndoa, tena wakati bibi arusi anaingia, maana hapo watu wote wanatembea taratibu na miguu inaonekana vizuri. Padri mmoja alimkataza kuliuliza mlangoni pa kanisa. Mimi nimeishi karibu na lile swali tangu nina miaka kumi hivi, na ukweli ni kwamba liliingia nyumbani kwetu likakaa.

Mwenzake wa mabishano alikuwa fundi saa, mtu wa zile familia za Kiislamu zilizotoka Maniema, mwenye kibanda karibu na gare, kituo cha treni. Kila baada ya sala ya adhuhuri Antrenere alikwenda pale kunywa chai, na kila siku waligombana juu ya jambo lile lile, kwa maneno yale yale, mpaka wateja waliokuwa wanangojea saa zao walijua kuyamalizia.

"Antrenere, unajisumbua bure," fundi alisema. "Saa inatokaka kwenye kiwanda na mashini yake. Minyi nasafisha tu."

"Bon. Na ukiiacha bila kuipa funguo, itatembea?"

"Haiwezi kutembea."

"Unaona sasa!"

"Naona nini? Ukipa funguo saa mubovu, njo itakuwa saa muzuri?"

Hapo Antrenere alivuta chai, akatazama miguu ya wateja. Kesho yake alirudi na jibu alilolitafuta usiku kucha, na jibu lile lilidumu mpaka fundi alipomaliza kuweka sukari.

Usidhani alikuwa na upande mmoja. Mbele yetu, wanariadha wake, alihubiri kazi tu. Mtu akija na mtoto wake kiwanjani, akaanza kumsifu, huyu baba yake alikuwa mchezaji mkubwa, huyu mjomba wake alikuwa na mapafu ya ng'ombe, Antrenere aliinua mkono. "Kimbia kwanza. Baba yako utaniambia kisha." Hakupenda habari za ukoo. Hata za kwake mwenyewe hakuna aliyezijua. Tulijua alikuja Kamina na reli, kama nusu ya jirani zetu, na kwamba Kiluba chake kilikuwa cha kujifunza ukubwani. Ukimuuliza kwao ni wapi alikujibu, "Kwetu ni pale nilipofunga krono shingoni." Krono ilikuwa saa yake ya kupimia mbio, ya mshale, yenye kitufe juu, aliyoifunga kwa kamba ya kiatu. Alilala nayo. Mke wake alisema hivyo kwa hasira, na Antrenere hakukana.

Ila nyuma ya migongo yetu alikuwa mtu wa damu kabisa. Alijua mama wa kila mtoto anatembeaje. Alikuwa na treningi moja ya bluu, magoti yamewekwa viraka, na katika mifuko ya ile treningi alikuwa na kamba ya kupimia mapaja. Na huyu huyu aliyetuambia kwamba hakuna dawa ya mbio, kwamba anayeuza dawa ya mbio ni mwizi, hakukubali hata siku moja mtu aruke miguu ya mkimbiaji aliyekaa chini. Ukiruka, ulirudi kwa njia ile ile uliyopita. "Haiko imani," alisema. "Iko tu... rudi, rudi kwanza!"

Kitu kingine alichotukataza ni kutembea juu ya mataruma. Sisi watoto wa reli tulikuwa tunakwenda shule, sokoni, kanisani, kote, tukikanyaga zile mbao za njia ya treni moja baada ya nyingine. Yeye alipandwa na hasira. "Reli inakuchagulia hatua! Weye mwenyewe hatua yako utaijua siku gani?" Alitupeleka pembeni kwenye mchanga, na mchanga wa Kamina unaujua, unashika mguu kama mdai. Huko ndiko tulikokimbia, asubuhi, kabla ya shule, tumbo lina chai tu.

Kulikuwa na kijana mmoja muuza makala, anayesukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa kutoka porini. Huyo hakukosa mazoezi hata siku ya mvua. Alikula alichoambiwa, alilala alipoambiwa, alipanda vilima alivyoonyeshwa. Na hakuongeza kitu. Mwaka wa kwanza alifika nyuma yetu, mwaka wa tatu alifika nyuma yetu, pale pale, kama aliyewekewa ukuta. Mwingine, mtoto wa mchezaji mpira wa zamani, alikuja akijisikia tu, mara mbili kwa juma, anatafuna muwa, na kila mwezi alikuwa mwepesi zaidi. Antrenere aliwatazama wale wawili akashika kichwa. Nilimwona amekaa na muuza makala kwenye jiwe, amemwekea mkono begani, anamwambia, "Weye ulifanya yote. Sikia vizuri. Yote. Ni mubiri njo ilikataa, haiko weye." Alikuwa analia. Mtu aliyehubiri kazi miaka yote, analia kwa sababu kazi haikutosha. Sikumwelewa wakati ule, nilidhani ni vumbi.

Basi fikiria mtu wa namna hiyo siku alipotuona sisi.

Sisi tulikuwa mapasa, mapacha wa kike. Kwa Baluba wanaozaliwa pamoja hawatafutiwi majina: anayetoka kwanza ni Kyungu, anayefuata ni Kabange. Mimi ni Kabange. Tulifanana mpaka baba alisita kwanza kabla ya kugomba, asije akamgombeza asiye na kosa. Mama yetu hakuitwa tena jina lake, aliitwa Mama Mapasa, na alikuwa na sheria za mapasa ambazo hazikuwa na mchezo. Unachompa mmoja, mpe na mwingine, siku ile ile, kipimo kile kile, la sivyo mmoja atanuna na kununa kwa mapasa kunaleta ugonjwa. Mgeni akileta pipi moja, mama aliuliza neno moja tu: "Na mwingine?" Wageni walikuwa wanarudi dukani.

Sahani zetu zilikuwa mbili, sawa sawa, bukari, ugali wa kwetu, imepimwa kwa jicho la mama ambalo halikukosea. Ya Kyungu iliwekwa chini kwanza, kisha yangu. Kyungu aliogeshwa kwanza, kisha mimi. Kyungu alipita mlangoni, kisha mimi. Sikuona shida, kama mtu asivyoona shida kwamba Jumatatu inatangulia Jumanne. Nilipata kila kitu alichopata yeye, tena kikiwa kimeshaonjwa kama ni cha moto.

Antrenere alikuja nyumbani siku ya tatu baada ya kutuona kiwanjani. Alivaa shati. Alikaa, akakohoa, akamwambia mama kwamba Mungu amemletea jibu. Damu moja, tumbo moja, miguu minne ambayo hata yeye hawezi kuitofautisha. Alitaka mmoja wetu tu. Amfundishe mmoja, mwingine amwache akae nyumbani asonge bukari, na baada ya miaka miwili awasimamishe kwenye mstari mmoja, aone.

Mama alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyelewa kabla ya misa.

"Weye Antrenere, batoto yangu njo maharagi? Unapika moja, ingine unaiacha mu gunia?"

"Haiko vile, Mama Mapasa, ni kwa kujua tu..."

"Ukikimbiza Kyungu, na mwingine?"

Basi tulikimbia wote wawili. Antrenere alihuzunika juma zima, kisha fundi saa akamfungua macho. Akamwambia, mbona umepata zaidi ya ulichoomba? Damu moja, bukari moja, usingizi kitanda kimoja, mazoezi yale yale. Kama wewe ni msema kweli na mimi ni msema kweli, basi hao wawili lazima wafike pamoja, kifua kwa kifua. Antrenere alirudi anaruka ruka.

Hatukufika pamoja. Kyungu alinitangulia. Haikuwa kwa mbali, hatua mbili, wakati mwingine moja, lakini kila siku, kwenye mchanga, kwenye kilima, kwenye mvua, Kyungu mbele na Kabange nyuma. Antrenere alitupima kwa kamba, miguu ikawa sawa. Alituchungulia meno. Alimuuliza mama nani alinyonya zaidi, akafukuzwa. Alimuuliza nani alibebwa mgongoni zaidi, akafukuzwa tena. Alitubadilisha viatu. Usiku alimwamsha mke wake na kumwambia, "Damu moja, kazi moja. Alore kuna kitu ya tatu. Iko nini?" na mke wake alimjibu kwamba kitu cha tatu ni kulala.

Na kwa kuwa hakuweza kututofautisha, alijipatia njia yake mwenyewe. Anayetangulia ndiye Kyungu. Aliisema hivyo kwa kila mtu, akijisifu. Tukiwa tumesimama tu, alichanganya majina bila aibu, lakini tukianza kukimbia alikuwa na hakika: "Kyungu, nyanyua magoti! Kabange, sukuma!" Na hakukosea hata mara moja. Miaka mitano hakukosea.

Ndipo ikaja habari ya Lubumbashi. Kulikuwa na mashindano makubwa, na kila mji ulipewa nafasi moja ya msichana katika mbio ndefu. Nafasi moja. Huko, mkimbiaji akionekana vizuri, kulikuwa na watu wanaochukua wasichana kuwasomesha na kuwafundisha, na sisi tulikuwa tumefika umri ambao kama hujachukuliwa mwaka huo, utachukuliwa na bwana. Nilitaka ile nafasi. Sitajifanya mtakatifu: niliitaka mpaka nikaota nayo, na nilijua si yangu. Yangu itakuwaje, na kila siku niko nyuma hatua mbili?

Antrenere alikuja tena na shati lake.

"Kyungu ataenda Lubumbashi," akasema.

"Na mwingine?" akasema mama.

"Mama Mapasa, nafasi iko moja..."

"Minyi sikukuuliza nafasi. Nimeuliza, na mwingine?"

Akatazama chini, akatazama miguu yangu, akafuta uso. "Mwingine na yeye ataenda."

"Wapi?"

Hakuwa amefikiria wapi. "Bukama," akasema, kwa sababu mke wake alikuwa wa Bukama na mkwe wake alikuwa anamlalamikia kwamba haendi.

Mama alipima. "Lubumbashi na Bukama haiko sawa."

"Bukama iko na samaki ya kutoka kwenye maji, Mama Mapasa. Lubumbashi banakulaka samaki ya frigo."

Mama alicheka, na akishacheka alikuwa ameshindwa. Lakini hakuacha yote. Kyungu alishonewa gauni, na mimi nikashonewa. Kyungu akapata viatu vipya vya mbio, na mimi nikapata. Hivyo nikapanda treni na viatu vya mbio visivyo na mbio, pamoja na Antrenere na mke wake, katika behewa moja na dada yangu na wakubwa wa mchezo waliomsindikiza Lubumbashi, maana Antrenere alikuwa amebanwa na ahadi yake ya Bukama. Treni ilisimama porini ilivyotaka, ikaondoka ilivyotaka. Tulilala tumeegemeana. Bukama tuliposhuka, Kyungu alibaki dirishani. Tangu tuzaliwe hatukuwahi kulala nyumba mbili. Alinishika mkono mpaka treni ilipoanza kuvuta, akasema, "Kabange, unanifuata?" kama anavyosema kila akitoka mlangoni, kisha akakumbuka.

Siku mbili nilikula samaki tu. Siku ya tatu asubuhi, Antrenere alinijia na krono shingoni. "Ile bilatu mupya haiwezi kulala mu sanduku," akasema. "Twende."

Alipima mwenyewe kwa hatua zake kando ya mto Lualaba, kutoka mahali wanapofunga mitumbwi kuelekea kwenye daraja la reli na kurudi, mara kadhaa, mpaka akapata urefu ule wa Kamina. Wavuvi walikuwa wanashusha samaki, watu walituangalia. Akaniambia nenda. Nikaenda.

Sasa nikueleze kitu ambacho sikukijua mpaka siku ile. Nikikimbia, mbele yangu daima kulikuwa na mgongo. Mgongo wa Kyungu, fulana yake, jasho lake lenye umbo la jani kati ya mabega. Nilikimbia kwa mgongo ule. Bukama hapakuwa na mgongo. Palikuwa na njia, na mto, na mwisho kabisa daraja, na hakuna aliyeniambia kasi ni ipi. Mwanzo niliogopa kweli kweli, nikageuka kutafuta mtu. Halafu nikaacha kutafuta. Miguu ikaenda inakotaka, na mimi nikawa ndani yake nashangaa.

Nilipofika, nikamsikia anapiga kelele, "Vizuri, Kyungu! Vizuri sana, Kyungu!"

Iliniuma. Dada yangu yuko Lubumbashi, mimi niko peke yangu kabisa ukingoni mwa mto, hata hapa bado niitwe yeye? Nilimwambia kwa ukali, "Minyi Kabange." Alikuwa anatazama krono. Akaitikisa. Akaiweka sikioni, akaitikisa tena, akaitia mfukoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Akaniambia twende tukale. Njia nzima hakutazama miguu ya mtu, wakati Bukama asubuhi kuna miguu ya kila namna.

Kyungu alirudi Kamina. Huko Lubumbashi alifika karibu wa mwisho. Watu walisema wanayoyasema, kwamba damu ya huku haitoshi, wengine kwamba Antrenere hakumfundisha vya kutosha, na hata fundi saa hakuleta ubishi, alimpa Antrenere chai na sukari nyingi. Usiku kitandani nilimuuliza dada yangu ilikuwaje. "Sikujua niende mbio kiasi gani," akasema. "Sikusikia miguu yako nyuma."

Kisha hayo yakaisha, kama mambo mengi yanavyoishaga hapa. Treni ilikaa miezi bila kupita, mashindano yaliyofuata hayakufanyika, Kyungu akaolewa akaenda Kolwezi, mimi nikasoma ualimu nikabaki. Nafundisha watoto wadogo. Saa ya mapumziko wakikimbizana uwanjani najikuta nawaangalia vifundo vya miguu. Ugonjwa huo sikuurithi kwa damu, huo ni mazoezi matupu.

Mwaka jana Kyungu alikuja kumwona mama, ambaye amezeeka lakini jicho lake la bukari bado halikosei. Tukiwa naye tukasikia kwamba Antrenere haamki vizuri, nyonga imemshinda. Tukaenda. Tulipita kwanza kwa fundi saa, siku hizi anatengeneza simu, akatuambia, "Mwende upesi. Bado ananiletea lile swali, kwenye simu sasa, mpaka ananimalizia chaji."

Tulimkuta kwenye ua wake, ameketi juu ya kiti cha gari kilichoegemezwa ukutani, treningi ya bluu, krono shingoni, kioo kimepasuka na mshale umelala. Tukapiga magoti kumwamkia. Na yeye, jamani, alitutazama usoni. Alianza juu. Alitutazama mmoja, akahamia mwingine, akarudi, macho yakajaa maji.

"Sasa nawajua," akasema. "Mumoja alinenepa."

"Ni mimi, baba," akasema Kyungu. "Kolwezi bukari iko karibu."

Tulicheka wote watatu. Mke wake akatuletea viti. Aliuliza habari za watoto, tena akauliza wanatembeaje, huyo ndiye niliyemjua. Halafu akaishika krono na kidole gumba, akasema bila kutuangalia:

"Kabange. Ile siku ya Bukama, ulipita Kyungu."

Nilidhani amechanganya mambo. "Kyungu alikuwa Lubumbashi, baba."

"Najua pale alikuwa. Krono ilikuwa ku mukono yangu. Hakuna siku Kyungu alikimbia vile. Hakuna mutoto ya Kamina alikimbiaka vile. Nikasema krono imekufa. Nikaipeleka kwa fundi, akaifungua, akaniambia, mashini iko muzima, ni weye njo mugonjwa." Akasugua kile kioo kilichopasuka. "Alore nikawaza miezi. Damu moja. Kazi moja. Siku moja nilikuja kwenu kula, Mama Mapasa akaweka sahani ya Kyungu chini, kisha akaweka yako. Miaka yote nilikula kwenu. Nilitafuta mu damu, nikatafuta mu kazi, nikawapima mpaka meno. Sikutafuta mu sahani."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika kweli, maana nilikuwa nimeishi miaka hiyo yote kama mtu aliyekuwa wa pili kwa haki. Nilikuwa nimekubali. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi wangu kwamba wengine wanazaliwa nyuma kidogo na si aibu.

"Na hukusema!" nikamwambia. "Ulijua, na hukusema?"

"Ningesema nini? Treni ilikuwa imekufa, mbio hakuna. Ningekuja na shati yangu nimwambie mama yenu, Kabange njo mukali. Angeniuliza nini?"

Sote tulilisikia neno la mama, na sauti yake.

"Niliogopa kuvunja kitu ya watu sababu ya swali yangu," akasema. "Lakini nazeeka, na hii kitu iko yako. Nilikuwa nayo mufukoni tu."

Kyungu alikuwa ameinamia mikono yake. Nilimwogopea, kwa kuwa kama mimi nilinyang'anywa kitu, basi yeye alikuwa amepewa kisicho chake, na hakukiomba. Mwishowe akasema, pole pole, kwa Antrenere na si kwangu, "Lubumbashi nilikuwa nageuka kutafuta mutu."

"Na mimi Bukama," nikasema. "Mwanzo."

Antrenere aliinua kichwa upesi. "Wote wawili muligeuka? Mahali gani? Mwanzo kabisa ao katikati?" Alikuwa amesahau nyonga, amesahau machozi, ameshika mikono ya kiti anataka kusimama. Nilimwona, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Tulimweleza yote, hatua kwa hatua, yeye akiuliza na kuuliza tena, mke wake akitikisa kichwa, mpaka chai ikapoa. Mwisho akaegemea nyuma, akasema hapana, bado kuna kitu, hii haitoshi, atawaza.

Tukaaga. Ua wa Antrenere una ukuta wa matofali na mlango mwembamba, mtu mmoja tu anapita. Kyungu alifika kwanza, kama kawaida, na mimi nikasimama nyuma yake nangoja, kama kawaida. Hakupita. Alisimama pembeni ya mlango, akajibana kwenye matofali na ule unene wake wa Kolwezi, akanitazama.

"Pita," akasema.

Miguu yangu ilikataa. Mtu mzima, mwalimu, mama wa watoto, nimesimama mbele ya mlango ulio wazi na siwezi. Nyuma yetu tukasikia kiti cha gari kinalia, mzee wa watu anajivuta mbele aone vizuri, na sauti yake ikiwa na furaha ya kitoto:

"Eh! Nani anatangulia?"

Nikavuta pumzi, nikapita. Na nikiwa bado kizingitini nikasikia, kule nyuma, kile kitufe cha krono kinabonyezwa.